Kabla ya Kupanda Carreg Cennen

Anza na tochi. Ukisahau maji utavumilia kiu, ukisahau koti utalowa na utakauka, lakini ukifika Carreg Cennen bila tochi utakuwa umekosa nusu ya ulichokifuata. Ngome hii imejengwa juu ya jabali la mawe ya chokaa kusini-magharibi mwa Wales, karibu na mji wa Llandeilo, na chini ya kuta zake kuna pango. Unaliendea kwa ngazi na ujia mwembamba uliojengwa ukingoni mwa genge, wenye matundu madogo yanayoingiza mwanga. Ujia ukiisha, mwanga nao unaisha. Mbele yako ni giza la kweli, chini pana utelezi, na dari mahali pengine iko chini hadi uiname.

Mwanga wa simu hautoshi. Mara ya kwanza niliutegemea, na nilirudi baada ya hatua kumi hivi, mkono mmoja umeshika simu na mwingine unapapasa ukuta. Tochi ya kuvaa kichwani ndiyo inayofaa, kwa sababu mikono yote miwili utaihitaji. Kila mtu awe na yake, mtoto pia, maana anayefuata mwanga wa mwenzake hukanyaga kivuli chake mwenyewe. Kwa miaka mingi tochi zimekuwa zikikodishwa pale shambani chini ya kilima, lakini mimi singeiweka safari nzima juu ya tumaini hilo. Chukua na betri za akiba.

Nimesema shambani, na hili ukilijua mapema hutachanganyikiwa unapofika. Njia ya kwenda ngomeni inapitia kwenye shamba la mifugo. Miaka ya 1960 shamba hilo lilipouzwa, kosa katika maandishi ya hati liliifanya ngome iingie katika mauzo, ikawa mali ya familia ya wakulima. Wanaoitunza ni Cadw, idara ya serikali ya Wales inayoshughulikia majengo ya kale. Kwa hiyo unaegesha gari, unalipa kiingilio, kisha unapanda katikati ya malisho ya kondoo. Kila geti ulilolifungua lifunge nyuma yako, na kama una mbwa, mfunge kamba. Majira ya kuchipua, kondoo wakiwa wamezaa, jambo hili lichukulie kwa uzito maradufu.

Basi la kukushusha getini usilitarajie. Stesheni ya Llandeilo iko umbali wa kilomita kama sita au saba, na treni za njia ile ni chache kwa siku, hivyo wengi huja kwa gari. Barabara za mwisho ni nyembamba, zimebanwa na ua wa miti pande zote mbili. Jiandae kurudi nyuma ili mwenzako apite. Pakua ramani kwenye simu kabla hujaondoka mjini, kwa kuwa mtandao bondeni si wa kuaminika. Ukilazimika kuuliza njia, sisi tuna bahati: herufi c ya Kiwelisi husomwa k daima, na r yao hutetemeshwa kama yetu. Sema "Kareg Kenen" nao watakuelewa. Carreg maana yake ni jiwe au mwamba, na Cennen ni mto unaopita chini yake.

Saa nazo huwapoteza watu, hasa sisi tuliozoea jua linalozama wakati uleule mwaka mzima. Katikati ya Desemba huko jua huzama saa kumi na dakika chache jioni; mwezi Juni bado linaonekana saa tatu usiku. Milango ya ngome hufuata saa zake yenyewe, kwa hiyo angalia taarifa za Cadw asubuhi ile ile ya safari.

Sasa soma historia kabla hujapanda. Nalisisitiza hili kuliko mavazi, kwa sababu bila historia utaona mawe tu. Ngome ya kwanza hapa ilikuwa ya watawala Wawelisi wa Deheubarth, ufalme wa kale wa kusini-magharibi mwa Wales, ukoo wa mtawala aliyeitwa Rhys. Mwaka 1277 iliangukia mikononi mwa mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza, na mwaka 1283 akapewa John Giffard, kabaila wa Kiingereza. Kuta nyingi unazoziona leo zilijengwa baada ya hapo. Mwaka 1403 Owain Glyndŵr, kiongozi wa Wawelisi walioasi utawala wa Waingereza, alikuja kuizingira. Msimamizi wa ngome, John Scudamore, alimwomba Glyndŵr awaruhusu mkewe na mama mkwe wake watoke salama, akakataliwa. Kisha mwaka 1462, katika vita vya kugombea kiti cha ufalme, wapiganaji wa upande ulioshindwa walijificha humo. Walipotolewa, wanaume 500 waliletwa na sululu na mitaimbo kuivunja isitumike tena, na kazi hiyo iligharimu pauni 28. Mapengo utakayoyaona kwenye kuta usiyadhanie kuwa ni kazi ya mvua na miaka peke yake. Mengi yalibomolewa kwa makusudi.

Ukijua hayo, hata uchovu wako utakuwa na maana. Anayeingia hupandishwa njia inayopinda ghafla, yenye mashimo marefu ambayo zamani yalivukwa kwa madaraja ya kuinuliwa, huku walinzi wakimtazama kutoka juu. Simama hapo, geuka, uangalie ulikotoka.

Viatu viwe buti zenye meno, zinazoshika kifundo cha mguu. Jiwe la chokaa lililokanyagwa na maelfu ya watu, likinyeshewa, huteleza kama sabuni. Vaa nguo kwa tabaka: kupanda kutakutoa jasho, na juu upepo utaligeuza jasho hilo kuwa baridi. Mwavuli uache garini, upepo utakunyang'anya. Koti la mvua lenye kofia ndilo la kubeba.

Upande wa kusini usiwe na mzaha nao. Genge linashuka karibu mita 90 hadi bondeni. Uzio hauko kila mahali unapotamani uwepo, na mtoto aliyefurahi hukimbilia kwenye mandhari. Kubalianeni mkiwa chini bado nani anashika mkono wa nani. Kuparamia kuta kwa ajili ya picha kusiwepo kabisa: mawe yamelegea, na kila jiwe linaloanguka haliwezi kurudishwa kama lilivyokuwa.

Kwa dharura piga 999 au 112, uombe polisi, kisha ueleze kuwa unahitaji waokoaji wa milimani, au wa mapangoni kama ajali imetokea pangoni. Mtandao ukiwa dhaifu, ujumbe mfupi unaweza kupita pale simu inapokwama, lakini namba yako lazima iwe imesajiliwa kabla: tuma neno "register" kwenda 999 na ufuate maelekezo. Fanya hivyo leo, ukiwa nyumbani.

Jioni mkirudi, kaguaneni miili. Malisho yale yenye kondoo na nyasi ndefu yana kupe, na baadhi yao hueneza ugonjwa wa Lyme. Angalieni nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni na kwenye nywele za watoto. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute polepole moja kwa moja bila kumpinda. Wekundu ukianza kutanuka mahali hapo, hata baada ya wiki kadhaa, muone daktari na umwambie ulikuwa wapi.