Sarafu ya mwaka wa kwanza, unaitafutaje kwenye chenji

Juzi pale soko la Mgandini nimerudishiwa chenji, nikaanza kuzigeuza moja moja kama mtu anayekagua mashavu ya samaki, dada wa dagaa akacheka, we kaka hela si ni hizo hizo. Sio hizo hizo dada.

Kwanza, mwaka wa kwanza sio lazima sarafu kongwe kuliko zote, ni mwaka ambao sura flani ilitoka mara ya kwanza. Chukua shilingi moja. 1966 ilitoka na Mwalimu huku na mkono wenye mwenge kule, halafu 1987 mwenge ukabaki ila kichwa kikawa cha Mzee Mwinyi na madini yake nayo yakabadilishwa, kwa hiyo hapo una miaka ya kwanza miwili, usiishie 1966 ukadhani umemaliza. Toa sumaku kwenye spika mbovu ujaribu: ya 1987 inanasa, ya 1966 hainasi hata kidogo.

Kwenye chenji ya sasa tafuta hamsini ya kifaru ya 1996, mia mbili ya Mzee Karume na simba ya 1998, na jero ya nyati ya 2014.

Sasa wengi wanapoteleza ni hapa. Wanasikia mwaka wa kwanza wanadhani ni adimu, bei juu. Mara nyingi ni kinyume! Sarafu mpya ikitoka kila mtu anaweka moja kabatini, bibi anaweka, mtoto anaweka, ikija miaka ya mbele hakuna anayejali, kwa hiyo unaweza kukuta ni ule mwaka wa katikati usio na jina ndo unasumbua kupatikana ikiwa safi. Ya mwaka wa kwanza watu wanaipendea ule mwanzo wenyewe, na wanalipia hali yake. Jero ya 2014 zimejaa, shughuli ni kupata ambayo nyati hajachubuka pembe.

Ninayoipenda mimi kuliko zote ni heller ya 1904, kishaba kidogo cha Mjerumani chenye taji, sio ghali wala sio adimu. Kabla yake rupia moja, ile sarafu ya fedha ya enzi za Mjerumani, ilikuwa sawa na sarafu ndogo 64 zilizoitwa pesa, kuanzia 1904 ikawa heller 100, na ndo hapo tulipopata hili neno hela tunalotumia mpaka leo, we fikiria umeshika mwaka wa kwanza wa neno! Ukiipata angalia herufi ndogo, A ni ya Berlin, J ni ya Hamburg. Rupia yenyewe nayo ina miaka miwili ya kwanza: 1890 ile ya kampuni ya Kijerumani, yenye simba na mnazi, na 1904 serikali yao ilipochukua kazi ya kutoa sarafu, simba akaondoka.

Ila kwenye rupia kuwa macho, Tanga hii matapeli wa rupia hawajaisha, mtu anakuambia ina zebaki, ina majini, inanunuliwa mamilioni. Mwambie twende kwa sonara tukapime. Rupia nzima ya fedha ni kama gramu 11.66, na haishiki sumaku. Akianza kusema ana haraka, umeshapata jibu lako.

Na usisugue, tafadhali. Heller yangu ya kwanza niliipata Ngamiani kwenye kopo la vifungo, nikaipiga limau na majivu ikang'aa kama sufuria ya harusi, aliyetaka kuinunua akaitazama mara moja tu akanirudishia. Ile rangi ya kahawia ndo umri wake. Chumvi ya hewa ya huku inatosha kuzila, kwa hiyo weka kila moja kwenye bahasha ndogo ya karatasi kavu, sio vile vifuko laini vya plastiki, vinatoa ukijani, na ishike kwa ukingo.

Yule dada wa dagaa siku hizi ananiwekea jero safi kwenye kikopo, ila kila nikija kuchagua lazima ninunue fungu.