Somo: Kutambua kuvu ya vitabu vya kale kwa DNA

Ndugu zangu, nyumba nyingi za Mji wa Kale zina sanduku la vitabu na hati za mkono za wazee, na karatasi haiwezani na unyevu wa Mombasa, hasa wakati wa masika. Koga likionekana, mtu hukimbilia kitambaa. Nawaomba msifute kwanza. Ukishafuta, hatuna tena cha kupima.

1. Sampuli. Vaa barakoa ya N95 na glavu, kwani vijimbegu vya kuvu iitwayo Aspergillus fumigatus huweza kudhuru mapafu. Piga picha ya ukurasa. Chukua kijiti cha pamba kilichotakaswa, kikavu, ukizungushe juu ya doa pole pole, mbali na maandishi. Vunja ncha yake ndani ya kichupa safi, uandike kitabu, ukurasa na tarehe. Kisha chukua kijiti cha pili, ukipunge hewani bila kugusa kitu, ukitie kichupa chake. Hiki ndicho shahidi. Kikitoa kuvu ileile, huwezi kusema imetoka kitabuni. Wengi hukiruka, nami siyaamini matokeo yasiyo nacho.

2. Kutoa DNA. Hii ni kazi ya maabara. Ukuta wa seli ya kuvu una kitini, ni mgumu, kwa hiyo husagwa kwa shanga ndogo za kioo kabla ya DNA kuchujwa.

3. PCR, yaani kunakili DNA mara nyingi sana. Hunakiliwa kipande chake kiitwacho ITS, kilichopendekezwa rasmi mwaka 2012 kuwa kitambulisho cha kuvu zote, kwa praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili) ITS1 na ITS4. Joto la mashine hupanda nyuzi 95 za Selsiasi, hushuka hadi 55 hivi, hupanda tena 72, mizunguko kama 35. Kisha DNA iliyonakiliwa hupitishwa kwenye jeli ili ionekane: sampuli itoe mstari. Shahidi asitoe kitu.

4. Kulinganisha. Maabara ikishasoma herufi za DNA (A, C, G, T), zitafute GenBank na UNITE, hifadhi za DNA zilizoko mtandaoni. Usichukue tu jina la juu kwenye orodha! Kwa Aspergillus na Penicillium, ITS mara nyingi haitenganishi spishi za karibu; omba pia jeni za beta-tubulini na kalmodulini.

Maswali ya wanachama

Koga naliona kwa macho, lakini PCR haikutoa kitu. Kulikoni?
Huenda wino wa chuma au dawa za kulainishia ngozi ya jalada zimezuia kimeng'enya kinachonakili DNA. Zimua DNA mara 10, urudie.

Mwalimu, si afadhali kuotesha kwenye agari (chakula kigumu cha kuvu kwenye sahani), ni rahisi?
Fanya yote mawili ukiweza. Ila Aspergillus penicillioides hupenda pakavu na haioti vizuri kwenye agari ya kawaida. Ukitegemea sahani pekee, utasema haipo.

Msahafu wa marehemu babu umetoa Chaetomium. Nitie dawa?
Pole, dada. Chaetomium hula selulosi hasa, lakini DNA haisemi kama kuvu i hai. Iliyokufa zamani nayo huacha DNA. Oteshea sampuli nyingine, iliyochukuliwa pambizoni mbali na aya. Wakati huo msahafu ukae peke yake, mahali penye unyevu chini ya asilimia 60, na kipimo cha unyevu kiwe kando yake. Usiuanike juani, ngozi itapasuka. Wala usiupigishe feni, vijimbegu vitaenea kwa vitabu vingine.