Isiyolia: namna ninavyofikisha dawa kinga ya VVU vijijini Pemba

Mie ni mhudumu wa kujitolea wa afya ya jamii upande wa Micheweni. Katika kuwafikishia watu dawa kinga ya VVU, ile tunayoiita prep, kunishindako kuliko masafa ni macho ya watu. Gari ya shamba ipo na nauli hutafutwa. Lakini mke wa mvuvi akionekana benchi fulani la kliniki, kabla ya adhuhuri habari imeshafika kwa wifi yake.

Basi nenda na sababu ya kuingia nyumba zote. Mie hubeba mzani wa watoto. Mama anapomvua mtoto nguo uani, hapo ndipo tunapozungumza yetu. Zamani sikujua. Nilisimama barazani nikaita, "Dawa zako hizi hapa, mwanangu." Mavyaa wake alikuwa ndani anapara samaki. Wiki haikwisha, yule dada akarudishwa kwao, ati anaumwa. Naye alikuwa anajikinga tu.

Halafu kopo. Vidonge 30 ndani ya plastiki hulia kama kayamba mtu akitembea. Tia pamba kavu juu yake, na kile kifuko cha kunyonya unyevu kisitupwe. Wengine hupenda kuvihamishia kwenye karatasi. Kwa unyevu wa pwani yetu, usikubali.

Kipimo cha VVU ni kabla ya kidonge cha kwanza, hapo sina mjadala. Prep ya vidonge ina dawa mbili: tenofovir pamoja na emtricitabine au lamivudine. Aliyekwisha ambukizwa kwa kawaida hutibiwa kwa dawa tatu. Akimeza hizi mbili peke yake, virusi huzizoea. Ndiyo maana anayetumia prep asimgawie hata rafiki yake. Kliniki itamuuliza pia habari za figo na homa ya ini B. Mwenye homa hiyo asiache vidonge kimyakimya, ini laweza kuvimba upya.

Mwanamke ameze kimoja kila siku; huchukua siku 7 ndipo kinga ikamilike. Kichefuchefu cha mwanzo hupungua. Mjamzito na anayenyonyesha wanaweza kutumia. Prep haizuii mimba, kisonono wala kaswende, kwa hiyo kondomu zibaki mkobani. Na ikiwa jambo limetokea jana, kondomu imepasuka au mtu amelazimishwa, usimpe maneno ya prep. Mpeleke kituoni sasa hivi. Kuna dawa nyingine ya siku 28, nayo lazima ianzwe ndani ya saa 72.

"Saa mbili usiku" haina maana kwa asiyetazama saa. Muulize akishasali Isha hufanya nini. Mmoja wangu humeza akishafunga mlango wa banda la kuku. Ramadhani wengi huacha wakidhani watafungua. Kidonge ni kimoja tu, kimezwe baada ya futari au wakati wa daku.

Wavuvi wanaokwenda dago, kambi za uvuvi za mbali na kwao, ndio walionifundisha kuhesabu. Tarehe za kadi hawazishiki, bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, wanalijua. Kliniki humtaka mtu baada ya mwezi mmoja, kisha kila miezi mitatu. Mie humwambia, "Rudi bamvua la mwezi mpya, la tatu baada ya hili." Miezi mitatu ya mwandamo ni siku 88 au 89, na makopo matatu ni vidonge 90. Hurudi kabla hajaishiwa.

Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sindano ya kinga ya VVU iitwayo lenacapavir, inayochomwa mara mbili kwa mwaka. Sijui nani aliwapa habari, lakini siku hizi nikiingia uani, mzani sijautua, wananiuliza, "Bi, ile isiyolia itakuja lini?"