Kuchora katuni ya kurasa 8: mjukuu anayerithi taa ya shujaa

Katuni ya shujaa chipukizi, anayerithi kazi ya mkubwa wake, huharibika mapema pale mchoraji anapompa kijana uwezo uleule wa mkubwa wake. Msomaji anaona shujaa yuleyule, umri tu ndio umepungua. Kabla ya kushika penseli, andika kitu kimoja anachorithi na jambo moja analoliweza yeye peke yake.

Mfano wa hapa Mwanza: Mzee Karabai aliwalinda wavuvi wa dagaa dhidi ya wezi wa injini za mitumbwi. Mjukuu wake, Kabula, anarithi koti na taa ya karabai. Koti liwe kubwa kweli: mikono imekunjwa mara tatu, mfuko umefika gotini. Fremu hiyo moja, yaani kisanduku kimoja cha mchoro, inaonyesha uzito wa urithi zaidi ya kiputo kizima cha maneno "Babu, sitaweza."

Kosa lake liwe la kuiga. Anawasha taa kama babu, lakini karabai ikiwaka hulia "shiii", na usiku sauti husafiri mbali juu ya maji. Wezi wanasikia, wanatokomea. Andika "shiii" hiyo ikipita fremu hadi fremu. Akiizima taa na kupenya kati ya mawe anayoyajua gizani, fremu isiyo na herufi hata moja itasikika. Usichore mbalamwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, na mvuvi yeyote wa Kirumba ataliona kosa hilo.

Babu akishaondoka, Kabula atakosa wa kuongea naye na kurasa zitajaa mawazo. Robin, msaidizi kijana, aliongezwa kwenye katuni za Batman mwaka 1940 kwa sababu hiyohiyo, miongoni mwa nyingine. Mpe Kabula nahodha mbishi.

Karatasi 2 za A4 zikikunjwa katikati zinatoa kurasa 8. Karatasi ya kwanza, upande mmoja ni 8 na 1, wa pili 2 na 7. Ya pili ni 6 na 3, kisha 4 na 5. Ukurasa wa 1 ni jalada. Taa izimwe ukurasa wa 6, maana msomaji anaufikia kwa kufunua, hauoni kabla.

Kila ukurasa uchore kwenye A4 nzima, fremu 4 hadi 6, ukiacha sentimita 1 pembeni kwa sababu mashine ya fotokopi hukata kingo. Andika maneno kwanza, ndipo uchore viputo na watu. Anayeanza kusema akae kushoto. Herufi ziwe milimita 4: ukipunguza hadi asilimia 71 kupata A5, zinabaki karibu milimita 3, bado zinasomeka.

Usiku wa ziwani ndio unaosumbua. Weusi mpana hutoka na mabaka kwenye fotokopi, hivyo giza lijenge kwa mistari ya wino mweusi iliyobanana. Penseli hupauka na bluu ya kalamu huweza kupotea kabisa. Toa nakala moja ya ukurasa wenye giza zaidi, uikague, ndipo ulipie zilizobaki.