Mizunguko mia kwa dakika tatu: pima mwendo wa pleya yako ya santuri

Shemeji yangu alirudi kutoka Marekani na pleya ya santuri, ile inayozungushwa na mkanda wa mpira, akaniachia mimi. Kule umeme wa nyumbani ni volti 120, hapa kwetu 230, basi nikaenda kununua transfoma ya kupunguza. Muuzaji akanihakikishia kwamba hiyo yatosha. Nikaweka santuri ndogo ya Jamhuri Jazz, bendi ya hapa hapa Tanga, muziki ukatoka mzito kama mtu anayepanda mlima. Mzee wa nyumba ya pili, aliyecheza dansi zao na za Atomic Jazz enzi za ujana wake, akaniita kutoka barazani: "Mwanangu, gitaa hilo silo. Mbona lazama?"

Alisikia sawasawa. Transfoma hupunguza volti tu, masafa ya umeme, yaani mapigo yake kwa sekunde, haiyagusi. Ya Marekani ni hezi 60, yetu ni 50, na mota nyingi za pleya za zamani huzunguka kwa kufuata masafa hayo. Santuri ya kuzunguka mara 45 kwa dakika inaishia 37.5. Sauti inashuka kama vibonye vitatu vya kinanda, ukihesabu na vyeusi.

Kwa hiyo, kabla hujalaumu santuri au spika, pima. Mimi ni fundi cherehani, chaki haikosi mfukoni. Tia alama ukingoni mwa sinia la chuma linalobeba santuri. Weka santuri ndefu (LP), ushushe sindano kabisa, kwa sababu nayo huvuta mwendo kidogo. Alama ikipita mbele ya kitu ulichokichagua (mimi hutumia kichwa cha skrubu), washa saa ya simu na useme "sifuri". Usiseme "moja", maana utakuwa umepima mizunguko 99 na pleya nzima utaiona ina haraka. Kwa mwendo wa mizunguko 33⅓ kwa dakika, mizunguko 100 inatakiwa kuchukua sekunde 180. Yangu ilichukua 216. Gawanya 216 kwa 180, unapata 1.2, na 60 kwa 50 ni hiyo hiyo. Nilirudia mara tatu kwa furaha tu.

Ipo pia karatasi ya mistari inayowekwa juu ya sinia na kutazamwa chini ya taa: mistari ikionekana imesimama, mwendo ni sawa. Kwa umeme wetu iwe na mistari 180. Yenye 216 ni ya hezi 60, itakudanganya. Taa nyingi za LED hazimwekimweki vya kutosha, ndiyo maana napenda chaki.

Ukikuta imechelewa sekunde mbili tatu, anza na mkanda. Ufute kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Ukiwa umelegea, nunua mwingine. Mota ya umeme mnyoofu (DC) mara nyingi ina skrubu ndogo ya kurekebishia.

Ikiwa ni 216 kama yangu, dawa ni puli, kile kigurudumu cha mota kinachovuta mkanda. Chomoa waya ukutani, toa puli ya mota, mpelekee fundi wa kukereza vyuma. Hesabu yake ina mtego: chukua kipenyo cha puli, ongeza unene wa mkanda, zidisha kwa 1.2, halafu uondoe ule unene. Puli ya milimita 10 na mkanda wa nusu milimita inakuwa 12.1, siyo 12. Kama ina ngazi mbili, ya 33⅓ na ya 45, kila moja ipigiwe hesabu yake.

Tundu liwe katikati kabisa. Puli yangu ya kwanza ilitobolewa pembeni kwa unywele tu, na noti ndefu ya tarumbeta ikawa inayumba kama ngalawa. Nikairudisha, ikakerezwa upya. Jaribu kwa piano au tarumbeta. Ngoma hazitakuonyesha kosa hilo.

Na kama chaki imekupa 180 lakini *Kind of Blue*, albamu ya jazi ya mpiga tarumbeta Miles Davis, toleo la zamani, sauti yake bado iko juu kidogo kuliko ya kinanda chako upande wa kwanza, usiguse kitu. Siku ya kurekodi upande huo, mwezi Machi 1959, mashine ya tepu ilikuwa inakwenda polepole, kisha tepu ikachezwa kwa mwendo wa kawaida, ndiyo maana muziki ukatoka juu kwenye santuri. Kosa hilo halikusahihishwa mpaka toleo la 1992. Puli yako ni nzima.