Kabla ya Kuliachia Jicho Lililoumia Lipone Lenyewe

Jicho likipigwa na mpira, ngumi au kipande cha chuma, mwonekano wake wa nje hausemi mengi. Jicho lililovimba na kuwa jekundu kabisa linaweza kuwa na retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) isiyo na jeraha, na jicho jeupe linaweza kuwa limechanika ndani. Retina haihisi maumivu, kwa hiyo kutouma si ushahidi wa usalama. Kusubiri huenda kukawa uamuzi sahihi, lakini ni uamuzi wa kufanywa baada ya retina kuangaliwa.

Kabla ya kuondoka nyumbani, usilisugue jicho wala kulikandamiza. Kama kuna kitu kimechoma ndani, usikichomoe. Funika kwa kitu kigumu kinachoegemea mifupa inayozunguka jicho, kisiguse jicho lenyewe, na usile wala kunywa, maana huenda ukahitaji upasuaji siku hiyohiyo. Dawa za kienyeji za kudondoshea ziache kabisa. Hata zingekuwa nzuri kiasi gani, haziwezi kushona retina, na kwenye jicho lililotoboka zinaweza kuingiza vijidudu.

Nenda na mtu. Daktari wa macho atakuwekea matone ya kupanua mboni ili aone retina mpaka pembezoni, na kwa saa kadhaa baadaye mwanga utakusumbua na maandishi yatakuwa na ukungu. Usiendeshe gari. Damu ikiziba njia ya kuonea, atatumia altrasaundi.

Swali la kumuuliza ni hili: ni kitu gani hasa kimeharibika? Hapo ndipo neno “kupona” linapogawanyika. Retina iliyotikiswa tu, ikawa nyeupe kwa pigo, mara nyingi hurudi katika hali yake ndani ya siku au wiki chache bila dawa. Damu iliyovuja kwenye ute unaojaza jicho hunyonywa polepole, pengine kwa miezi. Hata tundu katikati ya retina, kwenye makula, huweza kujifunga lenyewe baada ya pigo, hasa kwa vijana, ndiyo maana daktari anaweza kuchagua kulifuatilia kwanza. Watu wa namna hii ndio husimulia kwamba macho yao yalipona yenyewe, na hawadanganyi.

Ila simulizi zao hazimsaidii aliyechanika retina. Majimaji hupenya kwenye mchaniko na kuibandua retina kutoka ukutani, na seli zinazopokea mwanga huanza kukosa lishe. Zikifa, hazioti tena. Kuna samaki wadogo wenye milia, wanaofugwa maabara, ambao seli za kushikiza retina huzalisha seli mpya za kuonea. Kwa binadamu seli hizohizo huishia kutengeneza kovu. Mchaniko ukiwahiwa, leza au kugandisha kwa baridi kali huuzungushia kovu la kuuzuia. Retina ikishabanduka ni upasuaji, na matokeo huwa bora zaidi makula ikiwa bado imeshika.

Kama utawekewa gesi ndani ya jicho ili kuibana retina irudi ukutani, uliza mapema utalala mkao gani na kwa siku ngapi, na nani atakusaidia nyumbani. Usipande ndege gesi ikiwa bado imo: hewa ikipungua mgandamizo, gesi hupanuka na presha ya jicho hupanda kwa hatari.

Na ukiambiwa usubiri, ondoka na tarehe ya kurudi. Retina inaweza kubanduka wiki au miezi baada ya pigo, na presha ya jicho inaweza kupanda miaka mingi baadaye, kwa hiyo iwe inapimwa. Nyumbani, ziba jicho lisiloumia uangalie kwa lile lililoumia peke yake, kwa sababu macho mawili yakiwa wazi moja huficha upungufu wa lingine. Ukiona vimulimuli, vidoa vipya vingi vinavyoelea, au kivuli kama pazia kinachoanzia pembeni, nenda hospitali siku hiyohiyo, tarehe ya kliniki ikiwa bado mbali.