Kagua mdomo wa ng'ombe kabla ya kutoa pesa

Mnadani wanunuzi wengi hutazama nundu, kiwele na mwendo. Mdomo hauguswi, na hapo ndipo unapouziwa ng'ombe mzee kwa bei ya mtamba. Mnyama akishafungwa vizuri, mbane puani kwa mkono mmoja, teremsha mdomo wa chini kwa mkono wa pili, tazama meno ya mbele. Yapo 8, yote ya chini. Juu ana ufizi mgumu tu, kwa hiyo usidhani yameng'oka.

Meno ya utoto ni madogo na membamba. Jozi ya kwanza ya meno ya ukubwani huota katikati, ng'ombe akiwa na miaka 2 hivi, na zote 4 hukamilika kwenye miaka 4 hadi 5. Baada ya hapo tazama yalivyolika. Yakibaki visiki vyenye mianya, malisho makavu yatamshinda, hata kama leo amenona.

Ukishamfikisha nyumbani, mdomo huohuo ndio unaoshika uzalishaji wako. Binadamu hutafuna kwanza ndipo ameze, na mate yake huanza kumeng'enya wanga palepale. Ng'ombe huzungusha ulimi kwenye majani, huyakata, huyameza karibu mazima, kisha hutulia na kuyarudisha ayatafune upya. Hucheua saa 7 hadi 8 kwa siku, na ng'ombe mkubwa wa maziwa hutoa mate zaidi ya lita 100. Mate hayo yana magadi yanayopunguza asidi tumboni. Ndiyo maana napinga tabia ya kumjaza pumba asubuhi tumbo likiwa tupu: pumba hazimlazimishi kutafuna, mate hupungua, asidi hupanda, anaacha kula. Mpe kwanza majani. Matete na mabua yakatwe vipande vya sentimita 3 hadi 5, yasisagwe yakawa vumbi. Wakati wa mapumziko pita bandani utazame taya: nusu ya ng'ombe waliolala au zaidi wawe wanacheua. Wakiwa pungufu, anza kuchunguza chakula.

Kwa kuwa humeza kwa pupa, hachagui. Msumari au kipande cha waya kikiingia na majani hukaa tumbo la pili, na kinaweza kutoboa kuelekea moyoni. Okota waya na mifuko ya plastiki kila siku.

Unapomnywesha dawa ya minyoo, usiinue kichwa juu sana wala usivute ulimi. Mimina taratibu pembeni mwa mdomo, umpe nafasi ya kumeza, la sivyo dawa huingia mapafuni.

Udenda mwingi ni jambo la kuripoti. Ukiona na malengelenge kwenye ulimi na kuchechemea, shuku ugonjwa wa miguu na midomo: mtenge, usihamishe mfugo wowote, mwite afisa mifugo. Lakini anayetoa udenda, anashindwa kumeza na kulia kwa sauti isiyo ya kawaida anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Wengi hudhani amekwamwa na kitu wakaingiza mkono. Usifanye hivyo kamwe. Aliyeguswa na udenda huo kwenye jeraha, macho au mdomo aoshe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, jeraha lioshwe kwa sabuni, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo kupata chanjo.